Gugu la kudumu halifi: kutafuta kasoro pale udhibiti wa kibayolojia unaposhindwa

Kabla hujamlaumu mdudu uliyemwachilia ale gugu, chukua sepeto. Chimba shimo moja katikati ya kichaka cha gugu linalokusumbua, upana na kina chake sentimita 30 hivi. Pukutisha udongo kwa vidole, kisha tandaza juu ya gunia kila mzizi, kila kiazi na kila shina la chini ya ardhi utakalolikuta. Yaliyo magumu na yenye unyevu, ambayo ndani ni meupe, yako hai. Yaliyolegea, yenye matundu au rangi ya kahawia hadi kiini, yamekufa au yanaelekea huko. Tenga mafungu mawili, yapime, andika. Baada ya miezi sita chimba tena hatua moja kutoka pale.

Naanza na shimo kwa sababu malalamiko mengi kuhusu udhibiti wa kibayolojia ni ya watu waliotazama majani tu. Gugu la kudumu ni akiba yake. Majani ni mdomo, tumbo liko chini. Kuna mashamba niliyoona yamechafuka kijani juu huku akiba ya chini imepungua nusu, na mwenye shamba amekata tamaa msimu mmoja kabla ya kushinda. Nimeona pia kinyume chake: majani yametobolewa kama chujio, kila mtu anashangilia, na chini mizizi imenona kuliko mwaka uliopita.

Mkulima wa kilimo hai hana dawa ya kiwandani ya kukimbilia mambo yakiharibika, kwa hiyo akikosea utambuzi wa tatizo analipa kwa misimu. Silaha zake za kibayolojia ni za aina nne: wadudu na utitiri wanaokula gugu, kuvu zinazolitia ugonjwa, mifugo, na mimea inayolinyima mwanga. Kila moja ina namna yake ya kushindwa. Tafuta dalili inayofanana na yako, uanzie hapo.

Wadudu niliowaachilia hawaonekani tena

Kwanza hakikisha kweli wametoweka. Adui asilia wengi wazuri wa magugu ya kudumu hutumia sehemu kubwa ya maisha yao ndani ya shina au mzizi, na mtu anayepita shambani akitazama juu ya majani hataona kitu. Pasua mashina kumi kwa kisu. Tafuta vumbi la kinyesi kama unga wa msumeno, vijia ndani ya shina, uvimbe kwenye vikonyo, matundu madogo ya kutokea. Fanya hivyo katika majira yale yale uliyowaachilia, mwaka mmoja baadaye. Kabla ya hapo usiandike kwamba wamekufa.

Kama kweli hakuna kitu, sababu ninayoiweka mbele ya zote ni pampu yako mwenyewe. Watu hudhani kwamba dawa iliyoruhusiwa kwenye kilimo hai haina madhara kwa wadudu rafiki. Si kweli hata kidogo. Pareto huua mbawakavu wa gugu kama inavyoua mbawakavu wa zao. Bakteria ya Bacillus thuringiensis (Bt) inayopulizwa dhidi ya viwavi wa kabichi huua pia viwavi wa nondo uliowaleta kula gugu, ikiwa ni Bt ya viwavi na imetua kwenye majani wanayokula. Spinosadi, dawa ya wadudu itokanayo na bakteria, haichagui sana. Salfa ni sumu kwa utitiri. Shaba huua kuvu, ikiwamo ile kutu unayoilea kwa makusudi. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza utitiri wa msimu mzima kwa raundi moja ya salfa iliyolenga ubwiri unga kwenye mizabibu. Upepo ulikuwa mdogo, nikajidanganya kwamba hautavuka njia. Siku hizi eneo la kulea wadudu naliweka upande unakotoka upepo, na nalichora kwenye daftari la kupulizia ili msaidizi asilikosee.

Sababu ya pili ni utambulisho. Mdudu anayefaa kwa kazi hii ni mchaguzi kupita kiasi, na uchaguzi huo ndio usalama wake. Ukimpa gugu linalofanana tu na lile alilozoea, atakufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Kisa cha salvinia, gugu linaloelea majini, kinafaa kukumbukwa hapa. Kwa miaka mingi liliitwa Salvinia auriculata, wadudu wakatafutwa kwenye mmea huo, wakaachiliwa sehemu kadhaa za dunia, na matokeo yakawa hafifu. Mwaka 1972 ndipo lilipotambuliwa kuwa spishi nyingine, Salvinia molesta. Asili yake ilipopatikana kusini-mashariki mwa Brazili, wataalamu walichukua fukusi kutoka huko na kuwaachilia mwaka 1980 katika ziwa Moondarra, Australia. Mwaka uliofuata gugu lilikuwa limeporomoka. Fukusi hao walifanana mno na wale wa mwanzo kiasi kwamba walidhaniwa kuwa spishi ile ile, hadi walipochunguzwa kwa karibu na kupewa jina lao, Cyrtobagous salviniae.

Wakati mwingine hata jina la spishi halitoshi. Kochinili, mdudu aitwaye Dactylopius opuntiae, anayefyonza dungusi kakati, ana koo tofauti: ukoo unaostawi kwenye Opuntia ficus-indica huhangaika kwenye Opuntia stricta, na kinyume chake. Katika hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ukoo usio sahihi haukufanya kazi ya maana mpaka ulipoletwa ule unaopenda Opuntia stricta. Kwa hiyo anayekuletea kochinili kwenye ndoo muulize wametolewa kwenye mmea gani, na uuone mmea wenyewe kwa macho yako.

Sababu ya tatu huwashangaza wengi: gugu limedhoofika mno kuweza kumlea adui wake. Mdudu anahitaji protini, na mmea wenye njaa ya naitrojeni una majani maskini. Huko Papua Guinea Mpya fukusi hao hao wa salvinia waligoma kuzaliana kwenye maji maskini mpaka gugu lilipowekewa urea kidogo. Wakaongezeka, wakala, wakaanza kuenea wenyewe. Kwenye kilimo hai urea haipo, lakini kanuni ni ile ile: usiwaachilie wadudu kwenye pembe kavu ya shamba yenye magugu ya manjano. Chagua kichaka kilichonona, hata ukimwagie chai ya samadi ikibidi, na ujizuie kukifyeka. Kukirutubisha gugu kwa mikono yako mwenyewe kunauma, najua.

Nyingine nazipitia haraka. Idadi ndogo iliyotawanywa: wadudu mia mbili mahali pamoja ni bora kuliko kumi mahali ishirini, kwa sababu lazima wapatane kwanza ndipo watage. Safari mbaya: wamekaa juani ndani ya mfuko wa plastiki, wakafika wamepikwa. Sisimizi na buibui: weka kizimba cha chandarua juu ya kichaka kwa wiki za kwanza, ukikagua kila siku mbili kama sisimizi hawajapenya chini yake. Na mwisho, kufyeka. Mwenye shamba ameachilia wadudu Jumatatu, kijana wa kazi amefyeka pembezoni Alhamisi kwa sababu palikuwa pachafu.

Majani yametafunwa vizuri, lakini kila mvua gugu linachipua upya

Mdudu yupo, anakula, ila anakula mahali pasipoumiza. Mbawakavu wa kijani aitwaye Gastrophysa viridula anaweza kuacha majani ya Rumex obtusifolius, gugu la malisho lenye majani mapana, yakiwa mishipa mitupu, na mwezi mmoja baadaye mzizi mnene ule umetoa majani mengine. Kutafunwa mara moja kwa gugu lenye akiba ya miaka mitatu ni kama kukatwa kucha.

Jiulize maswali mawili. La kwanza, je, mashambulizi yanarudiwa kabla gugu halijaanza kurudisha chakula chini? Kila gugu la kudumu lina kipindi ambapo limetumia akiba kuchipua na majani mapya bado hayajaanza kulipa deni. Mbigili wa kudumu, Cirsium arvense, huwa kwenye udhaifu huo unapokuwa na majani manane hadi kumi hivi. Nyasi ya Elymus repens inapokuwa na majani matatu au manne. Pigo la wakati huo linachota chini. Pigo la wiki tatu baadaye linachota kidogo sana. Kama wadudu wako huamka nje ya kipindi hicho, saidia kwa fyeko: acha wale, kisha wanapopungua kata machipukizi kwenye hatua ya udhaifu. Acha mistari bila kukata ili wadudu wawe na pa kwenda.

La pili, je, gugu lina mshindani? Rumex inayoliwa peke yake kwenye ardhi tupu hupona. Rumex inayoliwa huku nyasi nzito za malisho zimeibana pande zote hukosa mwanga wa kujijenga upya, na ikipata na kutu ya Uromyces rumicis juu ya kidonda cha mbawakavu huanza kurudi nyuma kweli. Mdudu peke yake mara nyingi ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni mmea uliopandwa jirani.

Pale inapowezekana, tafuta adui wa mzizi. Australia walipata mafanikio dhidi ya jamii ya Rumex kwa nondo wa jenasi ya Pyropteron, ambaye kiwavi wake hutoboa mzizi na kuukausha kwa ndani. Namna walivyomsambaza inanifurahisha hadi leo: mayai yaligundishwa kwenye vijiti vya meno, kijiti kikachomekwa kwenye shina lililokatwa, kiwavi akaanguliwa akiwa mlangoni kabisa mwa nyumba yake. Hakuna kifaa cha gharama hapo. Ni mtu aliyefikiri kiwavi anahitaji nini.

Nimepuliza kuvu, hakuna ugonjwa

Uliza kwanza majani yalikaa na unyevu kwa muda gani. Vijimbegu vya kuvu nyingi zinazotumika kuua magugu vinahitaji jani lililolowa kwa saa nyingi mfululizo, mara nyingi usiku mzima, ndipo viote na kupenya. Ukipuliza asubuhi saa tatu jua likiwaka, umevipika. Puliza jioni, siku yenye dalili ya umande mzito au manyunyu mepesi baadaye.

Kisha angalia pampu. Ilibeba shaba wiki iliyopita? Mabaki kidogo yanatosha. Maji ni ya bomba yenye klorini? Yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha. Dawa yenyewe ina umri gani, na ilikaa wapi? Kiumbe hai kilichowekwa juu ya rafu yenye joto hakidumu, hata kama tarehe kwenye lebo inasema bado. Kuna pia suala la lebo ambalo wakulima wa kilimo hai hulipuuza: kuvu inaweza kuwa imeruhusiwa, lakini mafuta au gundi iliyochanganywa nayo haijaruhusiwa. Mpelekee mkaguzi wako orodha yote ya viambato kabla ya kupuliza.

Baadhi ya kuvu zinahitaji uvumilivu ambao hauendani na mawazo ya dawa. Kutu ya mbigili, Puccinia punctiformis, ilipendekezwa kama silaha dhidi ya Cirsium arvense tangu mwaka 1893, na bado watu huilaumu kwa kutofanya kazi. Inafanya kazi, ila kupitia mizizi. Vijimbegu kutoka majani yenye ugonjwa, vikiwekwa kwenye machipukizi machanga mwishoni mwa msimu wa ukuaji, huingia mmea na kushuka chini pamoja na chakula kinachokwenda kuhifadhiwa. Matokeo huonekana msimu unaofuata: mashina membamba, marefu kupita wenzake, yaliyopauka, yenye harufu tamu ya maua ingawa hayajachanua, na baadaye vumbi la kahawia chini ya majani. Ukiona shina la namna hiyo usiling'oe. Watu huling'oa kwanza kwa sababu linaonekana baya, na hapo wameondoa chanzo cha ugonjwa waliokuwa wakiuombea.

Kwa magugu ya miti yanayochipua kwenye visiki, njia rahisi ni kuvu inayoozesha mbao. Chondrostereum purpureum hupakwa kwenye kisiki kilichokatwa muda huo huo, siyo kesho yake, maana kidonda kikikauka mlango umefungwa. Ila usiitumie jirani na bustani ya plamu, tufaha na ndugu zake, kwani kuvu hiyo hiyo huwaletea ugonjwa wa majani ya fedha.

Mifugo ilimaliza magugu, sasa yamerudi mengi zaidi

Uliwaondoa mapema, au uliwaleta mara moja tu. Mbuzi anayekula vichaka mara moja kwa mwaka anafanya kazi ya mpogoaji: gugu hushukuru na kutoa matawi mengi. Rudi na mbuzi kila machipukizi yanapofikia kimo cha kiganja, misimu miwili au mitatu mfululizo, na uwaweke wengi kwenye eneo dogo kwa muda mfupi. Mbuzi wachache kwenye eneo kubwa watachagua vitamu, na gugu lako mara nyingi halimo kwenye orodha ya vitamu.

Kama gugu limejitokeza mahali ambapo halikuwapo, tazama kinyesi. Mbegu nyingi zenye ganda gumu hupita tumboni zikiwa hai. Mifugo iliyotoka kwenye magugu yenye mbegu ikae siku kadhaa kwenye zizi, ikila chakula safi, kabla ya kuingia shamba lingine.

Nguruwe ni habari nyingine. Wanafukua na kula mashina ya chini na viazi vya magugu kuliko mnyama yeyote, na kwa ndago ndio msaada mkubwa wa kibayolojia ninaoufahamu. Lakini wakiachwa siku mbili tu wamekatakata mashina ya chini na kuyatawanya bila kuyala yote, na kila kipande chenye jicho ni gugu jipya. Waache mpaka udongo uwe hauna wanachotafuta. Utajua kwa kuwa wataacha kufukua na kuanza kulalamika. Panda zao la kufunika udongo ndani ya wiki hiyo hiyo. Zingatia pia usafi wa chakula: kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iingizwe udongoni angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu inayoliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Hata kama mkaguzi wako anafuata kanuni nyingine, hicho ni kipimo chema cha kupanga mzunguko wa nguruwe na mboga.

Bata bukini hupenda nyasi na jamii ya ndago, na huacha mazao mengi ya majani mapana. Wakimaliza nyasi wataonja zao, kwa hiyo anayewaacha wikendi nzima bila kuwatazama asishangae Jumatatu.

Mmea funika umemezwa na gugu

Uliupanda chini ya gugu lililokwisha kusimama. Hakuna mkunde utakaopenya kwenye nyasi ya Imperata cylindrica yenye kimo cha kiuno. Ilaze kwanza au ifyeke hadi chini, panda mukuna kwa msongamano mara tu machipukizi yanapoanza, na palilia mara moja kwenye mistari ili mukuna iwahi kupanda juu. Huyu ni ndugu wa upupu asiyewasha, na nchini Benin wakulima wengi walimkumbatia tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hasa kwa sababu aliwaondolea Imperata. Siri yake ni kivuli. Imperata huweka sehemu kubwa ya mashina yake ya chini ndani ya sentimita 15 hadi 20 za juu za udongo, na bila mwanga akiba hiyo inaisha. Tahadhari moja: mbegu za mukuna zina kemikali ya L-dopa nyingi, hazifai kuliwa ovyo na watu wala kuku.

Kama kivuli kilikuwa kizuri na bado gugu limerudi, uliza kuhusu moto. Mukuna ikikauka huacha matandazo mazito yanayoungua kirahisi, na Imperata huchipua baada ya moto kabla ya mmea mwingine wowote. Moto mmoja wa kiangazi unafuta kazi ya mwaka. Kata njia za kuzuia moto kabla majani hayajakauka.

Upande mmoja wa shamba umepona, mwingine bado

Hii ni dalili njema kuliko inavyoonekana, maana inathibitisha kwamba adui asilia yupo na ni sahihi. Kilichobaki ni mazingira. Mbawakavu wa Chrysolina walioachiliwa California miaka ya 1940 waliangusha gugu la Hypericum perforatum kwenye malisho ya wazi, lakini gugu likajificha kwenye vivuli vya miti kwa sababu mbawakavu hao hupenda jua. Utitiri wa Aceria malherbae, ulioletwa kutoka Ugiriki na kuachiliwa Texas mwaka 1989 dhidi ya Convolvulus arvensis, gugu linalotambaa na kujisokota, hufanya vizuri zaidi kwenye ukavu. Mahali panapomwagiliwa gugu hukua haraka kuliko utitiri unavyoweza kulikunja.

Chora ramani ya shamba, weka alama mahali gugu lilipo zima na lilipodhoofika, kisha tafuta tofauti: kivuli, maji, mchanga, mteremko, ukaribu na mahali unapopulizia. Upande wenye kivuli upatie mbuzi au kazi ya mkono. Upande wa utitiri uufyeke kidogo mara kwa mara, kwani vipande vyenye utitiri husafiri na mashine, na machipukizi machanga ndiyo utitiri unayoyapenda.

Mdudu yuko kwenye zao

Usipanike, wala usidharau. Kunguni mdogo wa lantana, Teleonemia scrupulosa, aliwahi kuonekana kwenye mashamba ya ufuta Uganda miaka ya 1960, baada ya lantana iliyokuwa jirani kukauka kwa kuliwa. Walikuwa wenye njaa waliomwagika kutoka mezani, na ufuta haukuweza kuwalea kizazi baada ya kizazi. Huo ni umwagikaji. Ishara zake ni kwamba wako kwenye mistari ya pembeni karibu na gugu, ni wazima wengi bila mayai wala watoto, na wanapungua ndani ya wiki chache.

Ukikuta mayai, watoto wa umri tofauti na wadudu katikati ya shamba mbali na gugu, hilo ni jambo jingine. Yametokea. Fukusi wa Rhinocyllus conicus aliletwa Amerika Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya mbigili wageni, akaishia kula pia mbigili wa asili. Nondo Cactoblastis cactorum ndiye aliyeikomboa Australia: kuanzia 1926 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930 alimaliza dungusi kakati kwenye mamilioni ya hekta. Ndiye huyo huyo aliyeonekana Florida mwaka 1989 na kuanza kutishia dungusi za asili ambazo hakuna aliyetaka ziliwe. Kusanya sampuli, piga picha, toa taarifa kwa mamlaka ya afya ya mimea, na usihamishe tena mdudu yeyote kutoka shambani kwako. Kwa sababu hizo hizo, mdudu wa kigeni haingizwi nchini mfukoni. Kuna kibali, kuna karantini, kuna majaribio ya mimea atakayoweza kuila, na mwongozo wa kimataifa wa kazi hiyo ni ISPM namba 3. Unachoruhusiwa kwa kawaida ni kuhamisha aliyekwisha kuidhinishwa na kuenea, tena baada ya kuuliza.

Mafanikio hayo ya Australia yamewapotosha wengi. Tangu dungusi zile zianguke kila mtu anatarajia gugu lake lianguke hivyo. Lantana imejaribiwa kwa maadui zaidi ya 40 tangu kazi ilipoanza Hawaii mwaka 1902, na sehemu nyingi matokeo ni ya nusu nusu, kwa kuwa lantana ni mchanganyiko wa aina nyingi zilizopandishwa na binadamu. Kwa gugu kama hilo, kupungua kwa maua na mbegu ni ushindi wa kuuandika daftarini.

Ni ndago

Basi nisikupotezee muda. Hakuna mdudu wala kuvu unayeweza kumtegemea peke yake dhidi ya Cyperus rotundus. Nondo wa Bactra hutoboa mashina, kutu hupaka majani, na viazi chini vinaendelea kuungana kama shanga. Ukipitisha jembe umekata uzi wa shanga hizo. Viazi vilivyokuwa vimelala chini ya amri ya kile cha mbele sasa vinachipua vyote, na mmea mpya unaweza kuanza viazi vingine ndani ya wiki chache. Matandazo ya majani hutobolewa, na plastiki nyembamba pia.

Udhaifu wake ni mmoja, kivuli, na nyongeza ni ukavu. Anza na kiangazi: fukua viazi, viache juu ya udongo vikauke juani kabisa, rudia wiki mbili baadaye. Pitisha nguruwe kama unao. Mvua za kwanza zikichipusha waliobaki, wapalilie kabla ya wiki ya tatu, kisha panda kitu kinachofunga haraka na kwa muda mrefu: viazi vitamu, fiwi, mukuna. Usirudishe vitunguu wala karoti hapo kwa misimu miwili. Hayo ni mazao yasiyo na kivuli, na ndago atakushukuru.

Gugu limekufa, jingine limechukua nafasi

Udhibiti ulifanya kazi, wewe ndiye uliyechelewa. Mizizi inayooza huacha naitrojeni na nafasi tupu, na mbegu zilizokuwa zikisubiri chini ya kivuli cha gugu la kwanza hupata zote mbili kwa siku moja. Mara shimo lako la sepeto linapoonyesha kwamba fungu la vilivyokufa limezidi la vilivyo hai, nunua au kusanya mbegu za nyasi za malisho au mkunde. Zimwage kati ya mashina yanayokufa yakiwa bado yamesimama, ili yazikinge na jua kali. Bakisha kichaka kimoja cha gugu la zamani pembeni ya shamba, kilichozungushiwa kamba na kukatwa maua kila yanapojitokeza. Wadudu wako watahitaji mahali pa kuishi mpaka mbegu za gugu zilizobaki udongoni zitakapoota.